Jinsi Dada Alivyouzunguka Mlima wa Majivu

Dada yangu alipeleka barua kwa miaka ishirini na sita. Si kwa baiskeli wala pikipiki. Kwa miguu, mfuko begani, katika mtaa wa kilimani ambao vijana wa posta waliukwepa kwa kila kisingizio. Alijua mbwa yupi anauma na yupi anajigamba tu. Alijua nyumba ambayo lazima ugonge mara tatu, unyamaze, kisha ugonge ya nne, ndipo mwenyewe avae meno yake ya bandia aje kufungua.

Mimi ni mdogo wake kwa miaka kumi na mmoja. Ni kitindamimba, na ndiyo maana mpaka leo, na mvi zangu hizi, ananiita Kitinda. Mama alitutoka nikiwa na miaka minne. Dada ndiye aliyenibeba mgongoni, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, aliyenipeleka shule na kunirudisha kwa sikio nilipotoroka. Kwa hiyo siku lori lilipomkandamiza kwenye ua wa posta, likirudi nyuma bila dereva kutazama, mimi ndiye niliyepigiwa simu.

Sikuwa mbali. Natengeneza miguu ya bandia katika karakana ya hospitali, na chumba cha dharura kiko mwendo wa korido mbili. Nilifika mikono ikiwa bado na plasta ya mteja mwingine. Madaktari walimkata mguu wa kushoto, lakini waliliacha goti. Watu walinipa pole kwa mguu. Mimi nilikuwa nashukuru kimoyomoyo kwa ajili ya goti, maana ninajua tofauti yake.

Wenzangu kazini walinikataza nisimtengenezee mwenyewe. Mkuu wa karakana alinivuta pembeni.

"Ukimwonea huruma utamharibia," alisema. "Mwachie mwenzako."

"Mkuu, humjui dada yangu," nikamwambia. "Hakuna aliyewahi kumwonea huruma akaondoka salama."

Nilimtengenezea. Sehemu inayopokea kile kipande cha mguu kilichobaki, sisi karakana tunaiita kikombe, na kikombe ndicho kila kitu. Kikiwa kimekosea kwa unene wa ukucha, mtu hatembei, anateseka. Cha kwanza nilikivunja. Cha pili nikakivunja pia. Cha tatu alikivaa asubuhi moja, akatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, akageuka, akarudi, akakaa kwenye benchi. Kisha akaniambia, "Haya. Nipe kiatu changu." Basi. Ndiyo sifa pekee niliyoipata.

Mwaka mmoja na nusu baadaye alikuja karakana saa ya chai, akaniwekea kijitabu juu ya meza katikati ya spana na vumbi la plasta. Kilikuwa cha kampuni inayopanga matembezi. Wanakutumia ramani na maelezo ya njia, wanakuwekea vyumba katika nyumba za wageni, na gari lao linabeba mizigo yako kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kiongozi hakuna. Mnatembea wenyewe. Safari aliyoichagua ilikuwa ya siku nne, kuuzunguka mlima ambao zamani ulitapika moto, na siku ya mwisho kupanda mpaka ukingoni mwa shimo lake.

Nilisoma ukurasa mmoja nikakifunga.

"Dada, watu wenye miguu yote miwili huenda huko wakarudi wanachechemea."

"Hiyo ni shida yao."

"Unataka kumwonyesha nani?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Simwonyeshi mtu. Miaka ishirini na sita nimetembea na barua za watu. Sasa nataka kutembea bila kumpelekea mtu chochote."

"Na mimi je?"

"Wewe utabeba spana."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, mwezi wa pili wa kiangazi, nimesimama mbele ya nyumba ya mawe meusi na buti mpya miguuni, nikitafuta alama ya rangi ya njano kwenye nguzo ya uzio. Dada aliziangalia zile buti akatikisa kichwa.

"Viatu vipya kwenye safari ndefu. Hilo hata mwanafunzi wa posta halifanyi wiki ya kwanza."

Siku ya kwanza ilitupokea vizuri. Njia ilipita kati ya mashamba ya viazi na malisho ya ng'ombe, kuta za mawe meusi kila upande, na udongo mweusi kama masizi ya sufuria. Mlima ulikuwa mkono wetu wa kulia siku nzima, mkubwa, kimya, kichwa chake kimekatwa bapa. Dada alitembea mbele na fimbo zake mbili. Mimi nilitembea nyuma, na sikuona shamba wala mlima. Niliona nyayo. Kisigino, wayo, kidole. Kisigino, wayo, kidole. Kila alipokanyaga jiwe nilikunja uso.

"Kitinda," alisema bila kugeuka, "ukiendelea kunitazama kisigino nitakutuma utangulie."

Tulifika jioni mapema, tukanywa supu, na nilipomkagua ngozi ilikuwa safi. Mimi nilikuwa na malengelenge mawili.

Siku ya pili ilikuwa uwanda wa lava, mawe yaliyoganda kama uji uliomwagika ukakauka na mapovu yake, makali, yenye matundu, yasiyo na sehemu bapa ya kutosha sahani. Hapo fimbo zilifanya kazi. Dada hakwenda haraka. Alichagua kila jiwe, akalijaribu, akalikanyaga, akatafuta jingine. Kilomita sita zilitula saa tano. Vumbi jepesi la majivu lilipanda mpaka magotini, na saa sita mchana niliona anakanyaga kwa tahadhari ambayo haikuwa ya mawe.

"Kaa," nikamwambia. "Vua."

"Tukifika kwenye mti ule."

"Dada, sasa hivi."

Alikaa. Nilitoa kikombe, nikavua soksi nene anayovaa ndani yake, nikaona baka jekundu mbele, chini ya goti, ukubwa wa kitufe cha koti. Kipande cha mguu hupungua mtu akitembea sana. Kikombe kinakuwa kikubwa, mfupa unashuka na kuanza kugonga. Na vumbi lilikuwa limeingia, likisugua kama msasa.

Nilisema niliyokuwa nimeyaandaa tangu nyumbani. Kwamba tumejitahidi. Kwamba kijitabu kina namba ya simu, na kwamba gari la mizigo linaweza kuja mpaka barabarani. Kwamba hakuna aibu.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, huku akipangusa vumbi gotini kwa leso.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hebu niambie kama fundi, si kama mtoto niliyemlea. Mteja mwingine akikuletea baka kama hili, unamwambia aende nyumbani?"

Nilitaka kudanganya na nikashindwa, kwa sababu anajua uso wangu ninapodanganya tangu nikiwa na miaka minne.

"Hapana," nikasema. "Ningemwambia asafishe, akaushe, aongeze soksi ya pili. Na asimame kila saa moja akague. Ngozi ikichubuka, basi, safari imeisha."

"Sasa hapo umesema kitu cha maana. Ikichubuka, nitapanda gari mwenyewe, hutanisukuma. Lete soksi."

Tukafanya hivyo. Kila saa moja tulikaa juu ya jiwe, akavua, nikapangusa, nikatazama, akavaa. Ng'ombe walitutazama wakashangaa. Tulifika wa mwisho kwenye nyumba ya wageni, supu ikiwa imeshapoa. Baka halikuwa limeongezeka. Nililitazama mara tatu kwa tochi mpaka akanivuta sikio.

Yaliyotokea siku ya tatu ni makosa yangu, na nayasimulia kama yalivyo.

Wayo wa bandia umeungwa na bomba la mguu kwa skrubu nne ndogo zisizo na kichwa. Fundi akishazikaza anazitia tone la gundi ili zisilegee. Wiki moja kabla ya safari niliurekebisha wayo wa dada kidogo, kwa ajili ya miteremko. Nilitia gundi skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha nikaitwa kumwona mteja aliyeanguka koridoni. Niliporudi, nilikaza zote vizuri, nikafuta mikono, nikamwambia dada avae.

Siku ya tatu njia ilipanda ubavuni mwa mlima kwenye kifusi cha changarawe nyeusi, nyepesi, inayotembea chini ya mguu. Unapanda hatua moja, unarudishwa nusu. Tulikuwa katikati ya mteremko, jua limeanza kuchoma, nilipomsikia anasema "Aa" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Wayo wake wa kushoto ulikuwa umegeukia nje, kama mtu aliyesikia akiitwa pembeni.

Alikaa chini taratibu, fimbo mkononi. Nilipiga magoti nikavuta soksi. Skrubu ya nne haikuwepo. Ya tatu ilikuwa inacheza. Nilikaza zilizobaki kwa spana yangu, akasimama, akakanyaga mara mbili, wayo ukageuka tena. Kwenye sakafu ya hospitali zingeweza kuvumilia. Kwenye mteremko ule, hapana.

Tukaitafuta. Skrubu nyeusi, urefu wa punje ya maharage, kwenye ekari nzima za changarawe nyeusi. Nilichekecha kwa vidole mpaka kucha zikauma. Dada alinitazama kwa muda, akasema, "Acha, Kitinda. Hiyo imeshakuwa sehemu ya mlima."

"Za akiba ziko kwenye kopo," nikasema.

"Kopo liko wapi?"

Kopo lilikuwa ndani ya begi kubwa, na begi kubwa lilikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa limeshatuacha tangu asubuhi. Simu haikuwa na mtandao hata kidogo. Lakini chini kabisa, mahali changarawe ilipoishia na nyasi zikaanza, paling'aa bati la paa na tangi la maji.

"Nenda," dada alisema. "Mimi hapa sitoki. Na usikimbie. Ukivunjika na wewe tutalala hapa wote."

Nilikimbia. Hata yeye alijua nitakimbia. Mahali karibu na mwisho mguu wangu wa kulia ulizama kati ya mawe mawili, kifundo kikajipinda, nikaona nyota mchana kweupe. Nilikaa nikatukana, nikasimama, nikaendelea nikichechemea.

Kwenye ua wa shamba nilimkuta mama mmoja mtu mzima, kama miaka sabini hivi, amevaa mabuti ya mpira, akisuuza ndoo za maziwa. Nilimwamkia nikihema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani anakufukuza?"

Nilimweleza kwa mkupuo mmoja: dada, mlima, mguu, skrubu. Alisikiliza bila kuacha kusuuza.

"Skrubu ya namna gani?"

"Milimita nane, haina kichwa, ina tundu la pembe sita juu yake. Kama zile zinazoshika puli, gurudumu la mkanda wa mashine."

Hapo aliweka ndoo chini. "Puli ya pampu?"

"Hasa!"

Alinipeleka kibandani nyuma ya zizi. Ndani palikuwa na pampu ya maji iliyopakwa rangi ya kijani, imepanguswa mpaka inang'aa, mkanda umekaza, hata tone la mafuta sakafuni hakuna. Nimeona vyumba vya upasuaji vichafu kuliko kibanda kile.

"Mume wangu aliifunga," alisema. "Alipofariki wakaniambia niiuze, sitaiweza. Huu mwaka wa tisa naihudumia mwenyewe. Haijawahi kulala hata siku moja." Aliinama, akageuza puli kwa kidole. "Hii ina mbili. Moja inaweza kushika peke yake mpaka utakaponitumia nyingine."

Nilitaka kuifungua, akanisukuma mkono. "Ya kwangu naifungua mwenyewe." Aliifungua, akaipangusa kwa aproni yake, akaiweka kiganjani. Nilipoinyooshea mkono, alikifunga kiganja.

"Naenda nayo mimi. Nataka kuuona huo mguu."

Tukapanda pamoja, yeye na mabuti yake ya mpira mbele, mimi nikiburuta kifundo changu nyuma na kujifanya nachagua njia.

Tulipokaribia nilisikia sauti. Watembeaji wawili, bwana na bibi waliovaa makoti ya rangi kali, walikuwa wamesimama mbele ya dada. Bwana alikuwa ameinua simu juu, akitafuta mtandao angani. Dada alikuwa amekaa juu ya jiwe, mguu wa bandia mapajani kama mtu aliyepakata kikapu, anakula yai la kuchemsha.

"Mama, usiwe na wasiwasi," bwana alikuwa anasema. "Tutashuka tukuitie watu wa uokoaji. Watakuja na machela, wakubebe."

"Wanibebe? Kwani nimekuwa kifurushi?"

"Lakini huwezi kubaki hapa peke yako."

"Siko peke yangu. Namsubiri fundi wangu."

"Fundi?"

"Fundi aliyetengeneza mguu huu." Aliugonga kwa kidole. "Ni mdogo wangu, lakini sisemi kwa sababu ni damu yangu. Nimekaa kwenye benchi la karakana yake miezi mitatu, nimemwona anavyofanya kazi. Kikombe hiki alikivunja mara mbili akaanza upya, na mara zote mbili mimi nilikuwa nimeshamwambia kinatosha. Watu wanaingia kwake wamebebwa, wanatoka wanatembea. Nimewaona kwa macho yangu. Kwa hiyo akisema anarudi na skrubu, anarudi na skrubu. Karibu yai."

Nilisimama nyuma ya jiwe kubwa, hatua chache kabla ya kuwafikia. Mama wa shamba alinigeukia, akaniangalia usoni, kisha akatazama mlima kwa adabu, akanipa nafasi.

Miaka arobaini na saba nimekuwa Kitinda. Nilipofaulu mtihani, alisema, "Haya, ukafue sare." Nilipopata kazi, alisema, "Usichelewe." Nilidhani hivyo ndivyo alivyo, na nilikuwa nimeridhika. Sikujua kwamba maneno yote yale yalikuwepo, yamekaa mahali, yanawasubiri watu wasionijua.

Nilifuta uso kwa mkono uliojaa vumbi, jambo ambalo halikusaidia, nikajitokeza.

"Huyo hapo," dada alisema. "Na amekimbia. Tazama anavyotembea."

Nilipiga magoti, nikaupokea mguu. Nilitaka kuanza kazi mara moja, lakini baada ya kusikia yale nisingeweza kuificha kweli.

"Dada, ile skrubu haikulegea yenyewe. Sikuitia gundi. Niliitwa katikati, nikasahau. Na za akiba nilizitia kwenye begi la gari. Hili ni kosa langu lote."

Bwana wa koti kali alikohoa. Dada aliendelea kutafuna yai lake mpaka akamaliza.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilikuona unaitwa. Nilimwona yule mzee alivyoanguka, na nilikuona ulivyomshika. Ningekushangaa kama ungebaki na gundi yako." Alipangusa vidole. "Lakini kopo kwenye begi, hapo umezembea. Hapo nitakukumbusha mpaka tunazeeka. Haya, tengeneza."

Mama wa shamba alikifungua kiganja. Skrubu iliingia kama iliyozaliwa humo. Nilikaza zote nne, moja baada ya nyingine kwa mzunguko, mpaka spana ikagoma. Kisha nikakwama. Gundi nayo ilikuwa kwenye kopo.

"Unatafuta nini?" aliuliza bibi wa koti kali, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno.

"Kitu cha kugandisha. Chochote kinachokauka kigumu."

Alichimba mfukoni mwa begi lake, akatoa kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu. Mumewe alimtazama.

"Umebeba rangi ya kucha mlimani?"

"Na leo umejua kwa nini," akamjibu.

Nilitia matone manne mekundu, moja juu ya kila skrubu. Tulikaa sote tukisubiri ikauke, watu watano kwenye mteremko mtupu wa mlima, tukila mayai na mkate wa dada. Mama wa shamba aliuchukua mguu, akaugeuza huku na huku, akachungulia ndani ya kikombe, akapitisha kidole kwenye ukingo wake niliousaga kwa siku mbili.

"Hapa umelainisha ili usimkate nyuma ya goti akikaa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ndiyo kazi," akasema, akamrudishia dada mguu wake kwa mikono miwili.

Dada alivaa. Akasimama. Akakanyaga kwa nguvu mara tatu, kishindo kikasikika. Wayo ulitazama mbele, haukwenda popote. Mama wa shamba alipiga makofi mara moja, akageuka, akaanza kushuka kwenda kwa ng'ombe wake bila kuaga kwa maneno mengi. Wale wawili walitaka kwenda nasi polepole, "kwa usalama." Ndani ya nusu saa walikuwa nyuma yetu, wakiomba tupumzike.

Siku ya nne tulianza alfajiri. Mwinuko wa mwisho ulikuwa wa ngazi za mawe na udongo mwekundu, saa mbili za kupanda bila kupumua vizuri. Kifundo changu kilikuwa kimevimba, nimekifunga kwa bandeji ndani ya buti, sijasema. Dada alikuwa mbele. Tangu skrubu ile, sikumtazama tena kisigino. Nilitazama mgongo wake. Aliinamisha bega la kulia kidogo, lile lile lililobeba mfuko, akaingia kwenye mwendo ninaoujua tangu utoto, mwendo usio na haraka na usiosimama. Niliwahi kulala usingizi katika mwendo ule, nikiwa mgongoni mwake, shavu langu likigonga shingo yake.

Tulifika ukingoni upepo ukivuma. Chini yetu shimo lilikuwa pana kuliko mji tunaotoka, kuta zake nyekundu na njano, na katikati ziwa dogo la kijani, limetulia kabisa. Upande wa pili wa shimo kulikuwa na ukungu unaoshuka ndani taratibu. Dada alisimama amejinyoosha, fimbo zote mbili mkono mmoja, kofia mkono wa pili. Hakulia, hakupiga kelele. Alitazama kwa muda mrefu, na kifua chake kilipanda na kushuka.

"Hakuna hata mlango mmoja wa kugonga," alisema hatimaye, na akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya lori.

Na mimi nilisimama kando yake, nikavimba kichwa, sioni haya kusema. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya kazi ya mikono yangu iliyokuwa imesimama pale kwenye ukingo wa shimo la moto, imejaa vumbi, ina matone manne ya rangi ya kucha.

Kushuka kulinimaliza. Dada alishuka kwa mshazari, kwa utaratibu, kama nilivyomfundisha. Mimi nilishuka kwa makalio sehemu mbili. Nilipofika chini nilikuwa naegemea fimbo yake moja na bega lake, na ameshaniuliza mara kumi nilificha nini kwenye ile buti.

Nyumba ya mwisho ya wageni ilikuwa ya ghorofa moja, ina ngazi nyembamba za mbao. Mwenye nyumba, mzee mnene mchangamfu, alitoka mlangoni kutulaki. Kampuni ilikuwa imemwarifu kwamba mmoja wetu ana mguu wa bandia. Alitutazama sote wawili, akamshukuru Mungu kwa kutufikisha, kisha akaja moja kwa moja akanishika mimi mkono, kwa upole mkubwa.

"Pole sana, ndugu yangu. Tumekuandalia chumba cha chini. Bafuni kuna kishikio, na kiti cha kukalia ukioga. Taratibu, kuna kizingiti hapo. Huyu mama tumempa cha juu, sijui kama ngazi hazitamchosha."

Nilifungua mdomo. Dada alinibana mkono.

"Hazitanichosha," alimwambia mzee. "Mwangalie huyo vizuri. Ametembea siku nne, maskini, na halalamiki."

Akachukua ufunguo wake, akachukua na begi lake, akapanda. Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha bafuni, buti mkononi, kifundo kimekuwa kama embe, nikazisikiliza ngazi. Miaka ishirini nasikiliza nyayo za watu kama kazi. Naweza kukutajia mguu upi ni wa bandia huku nimefumba macho. Nilifumba macho. Ngazi kumi na nne zililia kwa zamu, kwa sauti moja, na sikuweza kuutaja ule nilioutengeneza.